Laptopu ya Matanga

Watu wakiiona laptopu yangu, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Hiyo ni Core i ngapi?" Nikiwajibu kwamba ni i5 ya kizazi cha nne hunitazama kwa huruma, maana kizazi cha nne ni cha mwaka 2013. Kuna wanaojitolea kuniunganisha na binamu yao wa Nairobi anayeuza mpya, nyembamba, za rangi ya fedha. Sibishani nao. Prosesa ya mashine yangu, hiyo Core i wanayoiuliza, imelehemiwa kwenye ubao na siwezi kuibadilisha hata nikitaka, ila kwa kazi ninayoifanya haijawahi kunikwamisha. Vilivyokuwa vikinikwamisha ni vitu vingine, na karibu vyote nimevibadilisha mwenyewe, mezani kwangu hapa Kisumu, kwa bisibisi na kadi ya plastiki.

Kazi yangu ni vijitabu vya mazishi. Mnavijua: picha kubwa ya marehemu jaladani, ratiba ya ibada, wasifu, rambirambi za watoto, za wajukuu, za chama cha akina mama, nyimbo mbili tatu, na shukrani ukurasa wa nyuma. Karatasi ya A4 hukunjwa katikati, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Familia ikileta maneno ya kurasa tisa, ama tupunguze yawe nane ama tutafute picha za kujaza mpaka kumi na mbili. (Hakuna familia inayokubali kupunguza.) Mazishi ya pande zetu huangukia sana Ijumaa na Jumamosi, na hivyo Jumatano na Alhamisi kwangu ni siku za kufa na kupona, mtanisamehe kwa msemo huo.

Asiyeijua kazi hii hudhani inafanyika dukani. Dukani huja mjumbe mmoja na flashi, naye hajui majina ya wajukuu wote, wala nani atangulie kati ya wake wawili, wala mzee alistaafu mwaka gani. Wanaojua wako nyumbani, kwenye matanga. Basi naenda huko. Nakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, mashine mapajani, wao wananitajia nami nachapa. Mtu anaingia ndani na kutoka na bahasha ya picha zilizogandana, au na kitambulisho cha zamani cha marehemu chenye picha ndogo ya nyeusi na nyeupe, na hiyo ndiyo wanayotaka iwe jalada. Stima pengine haipo. Njia ya kufika ni matatu mpaka Luanda, Yala au Ugunja, kisha boda boda kwenye vumbi au tope kutegemea mwezi.

Mashine ya kazi ya namna hiyo lazima iwe ndogo, istahimili kutikiswa, ikae na chaji tangu asubuhi hadi jioni, na skrini yake ionekane vizuri na watu wengi kwa wakati mmoja. Sharti hilo la mwisho ndilo lililonisumbua kuliko yote, nami nitalifikia.

Nilichonunua ni ThinkPad X240 iliyokwisha kutumika, mojawapo ya zile zinazoletwa kwa makasha kutoka Ulaya baada ya ofisi za huko kubadilisha vifaa. Skrini yake ni inchi 12.5 na uzito wake hauzidi sana kilo moja na nusu ukiweka betri kubwa. Kwa bei ile ile ningepata laptopu mpya kabisa ya inchi 11, na duka lilinisukuma sana kwenye hiyo mpya. Niliomba kuiona tumboni. Ramu yake, kumbukumbu ya kazi inayoendelea, ilikuwa gigabaiti 4 zilizolehemiwa, na hifadhi yake ilikuwa chipu ya eMMC ya gigabaiti 64, nayo imelehemiwa. Mashine ya aina hiyo siku unayoinunua ndiyo siku yake bora kuliko zote zitakazofuata. X240 ilikuwa na ramu ile ile ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ya kizamani, lakini kila kimoja kilikaa kwenye soketi yake. Mimi hununua soketi.

Kuna jambo moja la kuangalia dukani kabla ya kutoa pesa, na ni la ThinkPad zote zilizotoka maofisini. Washa mashine, bonyeza F1 uingie kwenye BIOS, ile programu ya chini inayoamka kabla ya Windows. Ikikuomba nenosiri la msimamizi na muuzaji halijui, mrudishie mashine yake na umuage kwa heshima. Atakuambia ukitoa kibetri cha saa kwa dakika kadhaa litafutika. Kwa ThinkPad halifutiki hivyo, kwa sababu limehifadhiwa kwenye chipu yake isiyohitaji umeme. Na bila BIOS hutaweza hata hatua ya kwanza ya kuifungua kwa usalama, maana X240 ina betri mbili: moja ya nyuma unayoichomoa kwa vidole, na nyingine iliyofichwa ndani. Ile ya ndani huzimwa humo humo kwenye BIOS, sehemu ya umeme, kabla hujagusa skrubu. Ukimaliza na kuchomeka chaja, inaamka yenyewe.

Kufungua kwenyewe si kazi ya kutisha. Mfuniko wa chini unashikwa na skrubu nane, nazo zimetengenezwa zisitoke kabisa, zinalegea tu na kubaki zikining'inia. Aliyebuni hilo alikuwa na huruma kwa watu wanaofanyia kazi kwenye meza iliyojaa. Baada ya skrubu kuna vibanio vya plastiki pembeni, na hapo ndipo watu huingiza bisibisi bapa na kuiharibu kingo. Tumia kadi ya plastiki, ile fremu inayobaki ukitoa laini mpya ya simu inatosha. Anzia upande wa bawaba, tembeza taratibu, utasikia kimoja kimoja kikiachia.

Nilipofungua yangu mara ya kwanza nilikuta feni imeziba kwa vumbi la mahali fulani baridi, la kijivu, lililoshikamana. Sasa hivi nikifungua nakuta la kwetu, jekundu, na wakati mwingine vidudu vya ziwani, vile vinavyoruka kwa makundi jioni na kuingia kila penye mwanga. Kisumu mchana hufika nyuzi 30 bila kujitahidi, na mashine inayovuta hewa ya nyuzi 30 kupitia tundu lililoziba hujipunguzia kasi ili isiungue. Nasafisha kwa brashi laini huku nimeshika mapanga ya feni yasizunguke, napangusa pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa kwa spiriti, napaka mpya kidogo. Basi.

Diski ndiyo niliyoitoa kwanza. Ndani ya diski ya kuzunguka kuna sahani zinazokwenda mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali usioonekana kwa macho. IBM waliokuwa na ThinkPad kabla ya kuiuzia Lenovo mwaka 2005 walijua watu wataziangusha, na tangu 2003 waliweka kihisi kinachogundua mtikiso na kukiondoa kichwa juu ya sahani. Ni ubunifu mzuri kwa mtu anayeteleza na laptopu ofisini. Kwa mtu aliye nyuma ya boda boda kutoka lami kuingia kijijini, kihisi hicho hakipumziki. Diski yangu ilikuwa imeanza kutoa sauti ya kubofya ambayo kila fundi anaijua. SSD, diski ya chipu tupu, haina kitu kinachozunguka. Ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7 inaingia pale pale ilipotoka ya zamani, na unene ndio wa kuangalia, kwa sababu ya milimita 9.5 haitoshei.

Mwendo ulibadilika, bila shaka, lakini sababu yake si ile wauzaji wanayoisema. Wao husoma maandishi ya boksi: megabaiti 500 na kitu kwa sekunde. Mimi sinakili filamu. Kinachoichosha laptopu ni kutafuta vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, fonti hapa, picha ndogo pale, na kwa kazi hiyo diski ya kuzunguka hufanya kama mia hivi kwa sekunde wakati SSD ya kawaida hufanya maelfu na maelfu. Ndiyo maana SSD ya bei ya chini kabisa kutoka kampuni inayojulikana inatosha kwa mashine kama hii. Usilipie kasi ambayo SATA, njia inayounganisha diski na ubao wa mashine hii, haiwezi kuipitisha.

Ramu ilinipeleka Oginga Odinga Street, kwenye vibanda vya vifaa vya kompyuta. X240 ina soketi moja tu ya ramu, kwa hiyo huongezi, unabadilisha: unatoa kijiti cha 4 na kuweka cha 8.

"Madam, ramu ni ramu," kijana wa kibanda aliniambia, amekwisha kukitoa kijiti kwenye mfuko wake. "Yako ni DDR3, hii ni DDR3. Weka uende."

"Nisomee kibandiko, kaka."

"PC3-12800."

"Mimi nataka PC3L. L iko wapi?"

Akakigeuza, akakitazama upande wa pili. "Sasa hiyo L ni ya nini? Ya Lenovo?"

Nilicheka, naye akacheka, akamwita mwenzake wa kibanda cha pili ambaye alikuwa nacho. L ni ya volti ndogo. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5 na DDR3L hutumia 1.35. Laptopu za kizazi cha tatu kurudi nyuma nyingi hazijali, lakini prosesa hizi za kizazi cha nne zenye U mwishoni mwa namba zilijengwa kwa 1.35 tu. Vijiti vyenyewe vina umbo moja, pini 204, pengo mahali pale pale, vinaingia vizuri na kukaa. Mashine haiwaki tu. Watu wengi huko nje wana laptopu "iliyokufa baada ya kuongezwa ramu" ambayo haijafa, inasubiri hiyo L.

Kwa nini 8? Ukurasa wa A4 kwa ubora wa kuchapisha, nukta 300 kwa inchi, ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Hizo ni karibu milioni 8.7, na kila moja ikichukua baiti nne, tabaka moja la picha linakula kama megabaiti 35 za ramu. Tabaka moja tu. Jalada langu la kawaida lina picha ya marehemu, mandhari ya mawingu (wanapenda mawingu, nimeacha kupinga), fremu, kivuli cha fremu, msalaba, na maandishi. Ongeza historia ya hatua ambazo programu inazikumbuka ili uweze kurudi nyuma, kisha ongeza kivinjari kilichofunguliwa WhatsApp, kwa sababu dada aliye Mombasa na kaka aliye Qatar wanatuma picha zao dakika hiyo hiyo. Gigabaiti 4 zinaisha kabla chai haijaletwa. Zikiisha, kompyuta inaanza kuhamishia kazi kwenye diski na kuirudisha, na ikiwa diski ni ile ya kuzunguka, unakaa mbele ya wafiwa ukitazama kishale kikiganda. Ndiyo sababu nilianza na SSD kabla ya ramu: hata ramu ikijaa, inapomwagia pana kasi.

Nilitaka 16. Hazikubali. Prosesa za kizazi cha nne hazijui kusoma chipu za ramu zenye msongamano unaohitajika ili kijiti kimoja kifikie gigabaiti 16, na X240 haina soketi ya pili. Ndugu yake X250 ya mwaka 2015, ya kizazi cha tano, inazikubali. Mtu anayenunua leo na anayehitaji ramu nyingi aende moja kwa moja kwenye X250 aachane na yangu.

Kabla sijaja kwenye skrini, niseme neno kuhusu picha za WhatsApp, ingawa si mambo ya vifaa. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa njiani. Waambieni jamaa zenu watume kama faili, kupitia alama ya kuambatisha. Nimepokea picha za majaladani ambazo ungedhani zimepigwa kupitia chandarua, na ile asili ilikuwa nzuri kabisa kwenye simu ya mwenyewe.

Sasa skrini.

X240 yangu ilikuja na skrini ya pikseli 1,366 kwa 768, ya aina ya TN. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yake sawasawa haina neno. Siku moja nilikuwa nyumbani fulani upande wa Yala, nimefungua picha ya jalada, na mabinti wa marehemu wamenizunguka.

"Mbona Baba amepauka hivi?" akauliza mkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Amepauka wapi? Umemfanya mweusi kupita kiasi," akasema mdogo wake, aliyekuwa amechuchumaa kando ya goti langu. "Hata macho hayaonekani."

Mimi niliyekaa katikati nilimwona mzee yuko sawa kabisa. Nikaongeza mwanga kidogo kumridhisha mdogo, mkubwa akalalamika zaidi. Nikapunguza, mdogo akasema sasa hata si yeye. Mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa akitusikiliza kutoka kivulini akaniambia, "Nyathina," yaani mwanangu, "wape karatasi." Hakuwa amekosea. Lakini kuchapisha kila sampuli ya rangi kijijini, bila printa na bila stima, haiwezekani, na kwenda mjini kurudi kila wanapobadili mawazo kunakula siku ambayo hatuna.

Skrini za TN zina tabia hiyo kwa maumbile. Vipande vya kioo kimiminika ndani yake hujipinda na kujipindua ili kupitisha mwanga, na mwanga unaotoka hauwi sawa kwa kila pembe, hasa ya juu na ya chini. Ukitazama kutoka juu, rangi hupauka. Ukitazama kutoka chini, giza huzidi na mwishowe rangi hugeuka, penye weupe pakawa peusi. Skrini za IPS zimepangwa namna nyingine: vipande vile huzunguka vikiwa vimelala sambamba na kioo, na aliyesimama na aliyechuchumaa wanaona uso ule ule. Kwa anayeandika barua ofisini, tofauti hiyo ni anasa. Kwangu ilikuwa ni swali la kama familia itakubaliana kabla ya giza kuingia.

Lenovo yenyewe iliuza X240 nyingine zikiwa na kioo cha IPS cha pikseli 1,920 kwa 1,080, kwa hiyo kubadilisha hakuhitaji uchawi. Nilipata kioo kilichotolewa kwenye mashine iliyovunjika, kikaja kutoka Nairobi kwa basi kimefungwa kati ya vipande viwili vya mbao. Hicho ndicho kitu ghali kuliko vyote nilivyowahi kuiwekea mashine hii. Ukinunua, mwambie muuzaji inchi, aina ya kiunganishi, idadi ya pini, ambayo hapa ni 30, na mahali vilipo vishikio vya skrubu. Neno "ya ThinkPad" peke yake halitoshi. Mwombe akupigie picha ya nyuma ya kioo, ile yenye kibandiko cha namba, uilinganishe na cha kwako.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utulivu zaidi kuliko nguvu. Fremu ya plastiki inayozunguka skrini ina skrubu zilizofichwa chini ya vibandiko vidogo, kisha vibanio, ile kadi tena. Kioo kinalazwa kifudifudi juu ya kibodi, juu ya kitambaa. Kiunganishi kiko chini, kimefunikwa na utepe, na kinatoka kwa kuvutwa sambamba na kioo, si kwenda juu. Betri zote mbili ziwe zimezimwa na kuchomolewa kabla ya hapo. Hili si la kuambiwa mara mbili: umeme wa taa ya nyuma ya skrini unapita kwenye waya huo huo, na ukiuchomoa au kuuchomeka ukiwa hai unaweza kuunguza kifyuzi kidogo kuliko punje ya mchele kilicho kwenye ubao mkuu. Skrini itabaki na picha isiyo na mwanga, uione kwa kumulika tochi tu, na kukibadilisha kifyuzi hicho ni kazi ya fundi mwenye darubini.

Ilipowaka nilikaa chini ya dirisha nikaizungusha kila upande, jambo la kitoto. Kuna faida ya pili niliyoipata ambayo sikuwa nimeipigia hesabu: pikseli ni karibu mara mbili ya za mwanzo, kwa hiyo kurasa mbili za kijitabu zinaonekana kwa pamoja na maandishi yake yanasomeka. Wazee wanasoma majina yao wenyewe skrini ikiwa mapajani mwangu na kunisahihisha kabla hayajachapwa. Herufi za menyu ziligeuka kuwa ndogo mno, nikazikuza kwa asilimia 25 kwenye mipangilio.

Betri sina mengi. Ile ya ndani ni kama wati-saa 23, na ya nyuma ndogo ni karibu kiasi hicho hicho. Kuna ya nyuma kubwa ya wati-saa 72, ina nundu inayoinua mashine kidogo, na mimi naipenda nundu hiyo kwa sababu hewa inapita chini. Jumla ni 95. Nikifanya kazi ya kurasa tu, mwanga wa skrini ukiwa wa wastani, mashine hutumia kama wati 9, na kwa hesabu hiyo betri mpya zinavuka saa kumi. Za kwangu si mpya tena lakini jioni hazijawahi kuniaibisha. Na kwa kuwa ya ndani inaishikilia mashine, ya nyuma unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima. Angalizo kwenye ununuzi: ThinkPad za miaka hiyo huikagua betri, na isiyotambulika hukataa kuichaji. Niliuziwa moja ya namna hiyo na mtu ambaye simu yake iliacha kupokelewa wiki hiyo hiyo.

Kuna soketi moja ndogo iliyobaki tupu ndani, ya M.2, iliyokusudiwa modemu ya laini ya simu. Inakubali pia SSD fupi ya SATA yenye urefu wa milimita 42. Modemu siihitaji, simu yangu inatosha kwa intaneti, basi nikaweka SSD. Humo huenda nakala ya kila picha ninayoipokea, siku ile ile, kabla sijaigusa. Picha nyingine hazina nakala duniani. Kuna mama aliyenipa picha ya harusi yake ya miaka ya sabini nikaipige kwa simu palepale, kwa sababu hakutaka itoke nyumbani, na mwaka uliofuata mafuriko yaliingia kwenye nyumba yao upande wa Nyando. Niliwachapishia tena kutoka kwenye hiyo hifadhi, kubwa ya ukutani.

Kadi ya Wi-Fi nilijaribu kubadilisha, mashine ikaniandikia kosa 1802: kadi isiyoidhinishwa imechomekwa, izime na uitoe. Lenovo waliweka ndani ya BIOS orodha ya kadi wanazozikubali. Wapo wanaoichokonoa BIOS ili kuifuta orodha hiyo. Mimi nina familia zinazonisubiri Alhamisi na sina hamu ya kugeuza mashine inayofanya kazi kuwa jiwe. Nikarudisha ya zamani.

Upande wa programu nilihama pia, na si kwa mapenzi. Windows 11 inadai prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Niko kwenye Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, natengeneza picha kwa GIMP na kurasa kwa Scribus. Wenzangu wengi wa saiba wamebaki na Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, na siwalaumu, mikono yao inaijua gizani. Ila Microsoft imetangaza kwamba nayo itafika mwisho Oktoba 2026, na kuna maelfu ya violezo vya vijitabu kwenye flashi za mji huu vilivyotengenezwa humo. Anayejipenda aanze kuvihamisha.

Kilichobaki ni pedi ya kipanya. Wabunifu wa X240 waliondoa vitufe vitatu vilivyokuwa juu ya pedi na kuifanya sahani moja inayobonyea yote, yenye kelele. Kwa mtu anayetumia ile nukta nyekundu ya katikati ya kibodi, kama mimi nikiwa na mikono yenye jasho, ni mateso, na nadhani malalamiko yaliwafikia kwa sababu X250 ilirudisha vitufe. Pedi ya X250 inaingia kwenye X240. Ninayo tayari, iko kwenye droo ndani ya mfuko wake, na nimesoma mwongozo wa matengenezo ambao Lenovo wameuweka bure kwenye tovuti yao. Itangoja. Wiki hii nina kazi mbili, moja Ahero na moja Luanda, na hao wa Luanda wameshanipigia kusema wasifu umefika kurasa kumi na tatu.